Ufa wa Kwa Tangi

Mwalimu Jepleting alikuwa amefikisha miaka arobaini na mitatu alipoamua kurudi darasani, na sababu yake ilikuwa moja tu: wote waliokuwa wakipandishwa vyeo na kumwacha nyuma walikuwa na digrii ya pili, naye hakuwa nayo. Alikuwa amefundisha jiografia miaka kumi na minane katika shule ya kutwa mjini Nakuru. Alipotafuta kozi iliyofundishwa Jumamosi, ili asiombe ruhusa kazini, alipata mbili, ya usimamizi wa biashara na ya usimamizi wa ardhi. Biashara hakuijua. Ardhi angalau alikuwa amezoea kuichora ubaoni.

Mwaka wa kwanza uliishia kwenye sheria za umiliki, mipango ya miji, na ramani za kompyuta zilizomtoa jasho, maana wenzake darasani walikuwa vijana ambao vidole vyao vilijua njia vyenyewe. Mwaka wa pili ulikuwa wa utafiti. Msimamizi wake, Daktari Ogola, alikuwa mtu mpole aliyekuwa na mazoea ya kuvua miwani kila alipotaka kukataa jambo. Alimwuliza anataka kuchunguza nini.

"Nyufa," Jepleting akasema.

"Nyufa zipi?"

"Hizi za huku kwetu, Daktari. Mvua ikipiga sana ardhi inapasuka. Watu wanajaza mchanga na takataka, wanasawazisha, halafu baada ya miaka michache mtu anauziwa ploti hapo juu yake."

Miwani ya Ogola ikabaki machoni. "Hiyo ni kazi," akasema. "Nenda ukaandike."

Mahali alipopachagua paliitwa Kwa Tangi, chini ya mtaa wa Rhonda ukielekea uzio wa mbuga. Zamani lilikuwa shamba moja kubwa la mzungu, lenye tangi la maji la saruji ambalo bado lilikuwepo, tupu, limeota majani juu. Wanachama wa kampuni ya kununua mashamba waligawana, watoto wao wakagawana tena, madalali wakamalizia, na sasa palikuwa ploti ndogondogo za futi hamsini kwa mia, nyingine zina nyumba, nyingine zina mahindi tu. Jepleting alipachagua kwa sababu angeweza kufika kwa miguu kutoka nyumba yake ya kupanga Rhonda. Hilo hakuliandika kwenye pendekezo lake la utafiti.

Alihitaji ploti arobaini. Kila mwenye ploti angetia sahihi fomu ya kukubali, ploti ipewe nambari, jina lisitajwe popote, na matokeo watu wote waelezwe wakati mmoja, kazi ikiisha. Ndivyo kamati ya maadili ya chuo ilivyotaka, naye akaahidi kwa maandishi.

Shida ilikuwa kwamba watu wa Kwa Tangi hawakutaka kumwona mtu mwenye daftari. Siku ya kwanza alifukuzwa kwenye ploti tatu. Mama mmoja alimwambia kwamba mtu wa mwisho kuja na kifaa cha kupimia alirudi na karatasi za kortini. Aliyemwokoa ni Wachuka.

Wachuka na Jepleting walikuwa wamepanga mlango kwa mlango miaka tisa. Wachuka aliuza viatu vya mitumba sokoni, alikuwa na sauti ya kusikika hadi stendi, na alikuwa amelea wanawe wawili peke yake mpaka wote wakamaliza shule. Mwaka mmoja kabla ya haya, alikuwa amemaliza kulipia ploti hapo Kwa Tangi na kupewa taito, hati ya umiliki, akaionyesha wapangaji wenzake wote kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Aliposikia Jepleting amefukuzwa, alifunga kibanda chake mchana mmoja, akamshika mkono, wakazunguka naye mlango hadi mlango.

"Huyu ni mwalimu wetu," alisema kila mahali. "Anasoma. Hanunui, hauzi, hanyang'anyi. Akikosea, mnajua kwangu."

Watu wakatia sahihi. Ploti ya Wachuka ikawa nambari kumi na saba. Ile ya kumi na sita ilikuwa ya Kiplangat, askari jela mstaafu aliyekuwa ameishi hapo miaka sita na mkewe Emmy na watoto wanne. Yeye alimwamkua Jepleting "Chamgei" kwa furaha ya kukutana na mtu wa kwao, akatia sahihi bila kusoma.

Kwa miezi mitano Jepleting alienda kila Ijumaa jioni na likizo zote. Alipima mteremko, akachimba udongo kidogo kwa koleo la mkono na kuutia kwenye vifuko, akauliza wazee walikumbuka nini. Kazi ilikuwa ya kuchosha na ya kawaida. Kisha akapata picha.

Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka ndegeni zaidi ya miaka hamsini iliyopita, nakala aliyoinunua ofisi za upimaji Nairobi. Jumapili moja mchana, katika chumba cha kompyuta cha shule, aliilaza chini ya ramani ya ploti zake, akavuta huku na kule mpaka tangi la kwenye picha likakaa juu ya tangi la kwenye ramani. Hapo akauona. Mstari mwembamba mweusi ulianzia karibu na tangi ukashuka kuelekea ziwani, ukakatiza uwanja uliokuwa wakati ule malisho matupu. Ulipita ndani ya ploti kumi kati ya zile arobaini. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Aliikuza picha hadi ikawa vidoadoa, akaipunguza, akaikuza tena. Kwenye kumi na saba mstari uliingilia kona ya nyuma na kutokea ubavuni.

Alimpigia Ogola simu.

"Mstari kwenye picha ni mstari kwenye picha," Ogola akasema. "Unaweza kuwa njia ya ng'ombe. Unaweza kuwa ua. Umebakisha ploti ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zimalize kwanza. Ukitangaza leo, hao kumi na moja watakufungia mlango, na wengine watakuja kudai fomu zao. Kuna mtu yeyote anajenga sasa hivi kwenye huo mstari?"

Hili ndilo swali ambalo Jepleting alilikumbuka baadaye kuliko maneno mengine yote ya Ogola. Wachuka alikuwa amemwambia siku tatu nyuma, wakianua nguo, kwamba Jumamosi fundi anaanza kuchimba msingi.

"Sijui vizuri, Daktari," akasema. "Nitaangalia."

Alijiambia kwamba daktari yuko sahihi, mstari unaweza kuwa njia ya ng'ombe. Alijiambia pia kwamba msingi tu si nyumba. Lakini ukweli aliujua: alikuwa amebakisha ploti kumi na moja na muhula mmoja, na alikuwa amechoka kuamka saa kumi alfajiri kusahihisha kazi za wanafunzi ili jioni apate nafasi ya kwenda kupima udongo.

Jumamosi hiyo alimaliza masomo chuoni akapitia Kwa Tangi, kwa sababu alikuwa amealikwa. Wachuka alikuwa amemwita mchungaji kuombea msingi. Fundi Elphas, mtu mrefu wa Kabazi aliyejenga nusu ya nyumba za hapo, alikuwa ameshavuta kamba na kuchimba mitaro yote minne, pembe zimekaa sawasawa. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Watu wakala wali na nyama ya kuku chini ya turubai. Kisha Wachuka akasema marafiki zake wa karibu waweke kila mmoja jiwe kwenye pembe. Jepleting akapewa pembe ya nyuma. Alilibeba jiwe kwa mikono miwili, akapiga magoti pale kwenye udongo uliochimbuliwa, akaliweka. Watu wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata alipima ploti sita. Wiki iliyofuata tena, tano. Wakati huo wote Wachuka alikuwa akimwaga simiti, akirudi jioni na vumbi jeupe kwenye kope, akigonga mlango wa jirani kumweleza mambo ya vyuma na kokoto. Jepleting alimpikia chai na kumsikiliza.

Siku ya kumi na nane tangu aione picha, ploti ya arobaini ikiwa imekwisha, alimwita Wachuka kwake akamwonyesha picha kwenye kompyuta.

Wachuka aliinamia kioo. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliufuata mstari kwa kidole kutoka kwenye tangi hadi kwenye kijisanduku kilichoandikwa kumi na saba.

"Hii ni nini inapita kwangu?"

"Nafikiri ni ufa. Wa zamani. Walijaza kabla ya kuuza. Sina hakika, Wachuka, lakini..."

"Ulijua lini?"

Jepleting angeweza kusema jana. Hakuna aliyekuwa shahidi.

"Kabla ya maombi," akasema. "Jumapili ile kabla ya maombi."

Wachuka akaketi. Sauti yake, ile ya kusikika hadi stendi, ilikuwa ya chini. "Uliweka jiwe," akasema. "Ukakula chakula, ukaweka jiwe. Ukaniona nikimwaga simiti kila siku ukaninyamazia."

"Niliogopa nimekosea. Na niliogopa watu wa zile ploti zingine watakataa..."

"Hao watu ni mimi nilikupeleka kwao."

Alisimama, akatoka, akafunga mlango polepole kama watu wanavyofunga chumba cha mgonjwa. Tangu siku hiyo hakugonga tena.

Jepleting alimpigia Ogola akamweleza yote, pamoja na uongo wake. Daktari akasema kwamba kama Jepleting angemwambia mapema kuwa kuna mtu anajenga, wangeenda kwa kamati siku hiyo hiyo na kupata ruhusa ya kuwaonya. Hakukuwa na jambo katika fomu lililokataza kuokoa mtu. "Sasa waambie wote kumi," akasema. "Mimi nitaandika barua kwa kamati. Nenda kesho."

Akaenda. Kati ya wale kumi, wanne walikuwa na mahindi tu, nao walisikiliza na kuuliza kama sasa bei ya ploti itaanguka. Wawili walimwambia asirudi tena. Mmoja hakupatikana, alikuwa Saudia. Mwenye ploti ya kumi na nane alisema atamwuliza mwanawe. Wachuka alikuwa ameshaambiwa. Kiplangat alicheka hadi akashika mbavu.

"Mwalimu, miaka sita nimelala hapa. Mke wangu analala hapa. Hata kikombe hakijawahi kuanguka kabatini. Picha ya wakati wa mkoloni ndio itaniambia mimi nihame?"

"Sisemi uhame, mzee. Nasema ujue."

"Basi nimejua," Kiplangat akasema, akamsindikiza mpaka langoni.

Kwa Wachuka ujenzi ulisimama. Fundi Elphas alikuja mara mbili kumshawishi. "Mathe, usitishwe na mambo ya vitabu. Tutaongeza chuma, tuifunge chini yote, nyumba itakaa kama meza. Hata ardhi ikicheza, meza haivunjiki." Wachuka alimsikiliza, akampa soda, akamwambia asubiri mvua ndefu zipite. Msingi ukabaki umefikia goti, umefunikwa kwa magunia, na kodi ya nyumba ya Rhonda ikaendelea kulipwa.

Mvua zilianza mwisho wa Machi, zikaja kwa hasira. Barabara ya kwenda shule ikawa mfereji. Kila asubuhi baada ya usiku wa mvua, Jepleting alivaa gambuti, akashuka Kwa Tangi kabla ya kengele, akatembea juu ya mstari kutoka tangini hadi ploti ya mwisho akitazama chini. Asubuhi ya tatu alimkuta Wachuka amesimama kwenye pembe ya msingi wake, mwavuli begani, naye anatazama chini. Hawakuamkuana. Mmoja alipita upande huu, mwingine upande ule, kila mmoja akichunguza nyasi. Wakawa wanakutana hivyo wiki baada ya wiki. Kuna siku Wachuka aliita, "Hapo kuna shimo," na Jepleting akaja mbio, wakakuta ni la fuko. Wachuka akageuka akaenda zake.

Kinyume na alivyotazamia Jepleting, hakuna kilichofunguka. Aprili ikapita, Mei ikapita, mahindi ya Kwa Tangi yakafika kiunoni. Sehemu nyingine za mji zilipata mafuriko hadi ndani ya nyumba, lakini ule mstari ulilala kimya chini ya majani kama haujawahi kuwepo. Watu wakaanza kumtania Jepleting njiani. Kijana mmoja wa bodaboda akampa jina Madam Tetemeko. Kibaya zaidi, yeye mwenyewe alikuwa amefika mahali ambapo, akiamka asubuhi na kusikia mvua, moyo wake ulitaka ardhi ipasuke, kidogo tu, mahali pasipo na mtu, ili ionekane hakusema uongo. Alijikuta akiwaza hivyo na akaona aibu ambayo hakuwa na wa kumweleza.

Jioni moja mwezi wa Juni, mlango uligongwa. Alikuwa Wachuka. Hakuingia.

"Mvua imeisha," akasema. "Mimi siwezi kukaa hivi. Nikijenga nitakuwa nalala nikisikiliza sakafu. Nisipojenga ninalipa kodi nikitazama ploti yangu. Hiyo picha yako haiwezi kuniambia zaidi?"

"Haiwezi. Kuna njia moja tu. Tuchimbe mtaro ukatize mstari, kama uko. Tuone kilichoko chini kwa macho."

"Urefu gani?"

"Mita mbili kwenda chini. Labda zaidi."

Wachuka akafikiri. "Sawa. Lakini Elphas ndiye atachimba. Mimi nataka achimbe mtu asiyekuamini."

Jumatano iliyofuata, wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, Elphas alikuja na wanaume wawili, majembe, na sululu. Daktari Ogola naye alikuja, amevaa viatu vya ofisini, akaamkua kila mtu na kukaa juu ya jiwe. Jepleting alivuta kamba kutoka katikati ya ploti hadi nyuma, ikipita kando ya msingi, na kazi ikaanza saa mbili asubuhi.

Mita nne za kwanza zilikuwa ngumu. Udongo ulikuwa wa kahawia uliokazana, wenye vijiwe vyepesi vyeupe vya volkano, na sululu ilirudi ikilia. Elphas alikuwa na furaha. "Daktari, unaona hii? Hapa unaweza kujenga ghorofa tano." Ogola akasema anaona. Kiplangat alikuwa ameegemea ukuta wake wa upande wa pili, kikombe cha chai mkononi, akitoa maoni.

Baada ya saa sita mchana, wakiwa wamefika mahali Jepleting alipokuwa amechomeka kijiti, jembe liliingia kwa urahisi mno. Mchimbaji nusura aanguke mbele. Udongo ulikuwa wa kijivu, laini, mkavu chini ya tabaka la juu lililolowa. Likazama mara ya pili, ya tatu. Kisha vikaanza kutoka vitu: chupa za soda za zamani, kipande cha gurudumu, mabati yaliyooza, nailoni za rangi zilizofifia. Elphas alishuka mwenyewe mtaroni. Wakiwa chini zaidi ya kimo cha mtu, walitoa gunia la mbolea lililokunjamana. Jepleting alilipangusa kwa mkono. Maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanasomeka, na mwaka wake: elfu moja mia tisa tisini na saba.

"Mwaka wa El Niño," Ogola akasema kutoka juu. Alikuwa amesimama, suruali imejaa vumbi.

"Ina maana ulifunguka tena mvua zile," Jepleting akasema, "wakajaza."

"Takataka ziko kila mahali," Kiplangat akaita kutoka ukutani. "Chimba hata kanisani utapata gunia."

Elphas alipanda juu, akachukua chuma kirefu kilichobaki kwenye ujenzi, akashuka nacho. Alikisimamisha katikati ya ule udongo wa kijivu, akakisukuma kwa kiganja, bila nyundo. Kikaingia nusu. Akakisukuma tena. Kikaenda chote, hata akalazimika kukishika ncha kisimpotee. Alibaki amekishika hivyo, kisha akatazama juu, si kwa Jepleting, bali kwa Wachuka.

"Mathe," akasema, "mimi hapa sijengi. Hata ukinilipa mara mbili."

"Na ile meza yako?"

"Meza inataka mguu uwe na mahali pa kusimama."

Wachuka alishuka ngazini mwenyewe, akatia mkono kwenye udongo wa kijivu, akaukamata na kuuachia upite vidoleni. Aliuliza upana wake ni kiasi gani. Jepleting akapima: mita moja na robo hapo, ufa ukipinda kuelekea ploti ya kumi na sita. Aliuliza upande wa mbele, zile mita nne ngumu na zilizobaki hadi barabarani, kama hapo ni salama. Ogola alisema hakuna mtu duniani anayeweza kumpa barua ya usalama katika bonde hili, lakini akiulizwa yeye angejenga huko mbele, mbali na mstari, nyumba nyepesi, na maji ya mabati ayapeleke barabarani yasizame nyuma.

"Basi tutasogea," Wachuka akasema. "Vyumba viwili badala ya vitatu. Wanangu ni wakubwa, watajua pa kulala."

Kuvunja msingi kulichukua siku nne. Elphas aliyatoa mawe moja moja na kuyapanga ili yatumike tena. Simiti iliyokwisha kukauka haikurudi, wala siku za kuimwaga. Mifuko ambayo haikufunguliwa, Mahesh wa duka la vifaa vya ujenzi alikubali kuipokea, akimwuliza Wachuka mara tatu kama kweli mtu anaweza kuuziwa shimo lenye taito.

Jepleting alikuja siku zote nne. Alibeba mawe. Siku ya mwisho, wakinywa chai, Wachuka alimwambia, bila kumtazama, "Ungeniambia Jumapili ile ningekasirika nawe siku mbili. Tatu hivi. Halafu ningekupikia."

"Najua."

"Sasa sijui nitakasirika mpaka lini. Nakwambia tu ujue." Akammiminia chai nyingine.

Novemba alikabidhi tasnifu. Katika sura ya mbinu za utafiti alikuwa ameandika ukurasa mmoja kuhusu zile siku kumi na nane: alijua nini, lini, alimdanganya nani, na kwa nini. Ogola alivua miwani.

"Hii si lazima iwepo," akasema. "Watahini watakurukia."

"Naomba ibaki, Daktari. Mtu mwingine akija kufanya utafiti huu atakutana na jambo lile lile wiki ya kwanza."

Akavaa miwani tena. Ikabaki.

Kwenye utetezi, mtahini kutoka nje, mama mkavu mwenye daftari dogo, alimpitisha kwenye takwimu kwa zaidi ya saa nzima kisha akafunga daftari.

"Umemfanya mwanamke huyu avunje msingi wake. Mvua kubwa imenyesha, hakuna kilichotokea. Tuseme ufa huo usifunguke tena miaka mia. Utamwambia nini?"

Jepleting alikuwa amejiuliza hilo mara nyingi.

"Nitamwambia hasara hiyo ilitoka kwangu, kwa kuchelewa," akasema. "Kuhusu ufa, mimi sikumwambia utafunguka. Nilimwambia uko. Afadhali mtu ajenge akijua kilichoko chini yake. Ufa ukikaa kimya miaka mia, nitafurahi."

Akapita, kukiwa na marekebisho ya kurasa ishirini na mbili. Ule ukurasa wa siku kumi na nane haukuguswa. Cheo cha naibu mwalimu mkuu, alichokitaka shuleni kwake, kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine wakati huo.

Januari, kama alivyoahidi kwenye fomu, alizunguka kupeleka matokeo. Alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila ploti, na mchoro unaoonyesha mstari kama upo. Kwa Wachuka kuta zilikuwa zimefika kwenye renta, juu ya madirisha, upande wa mbele, na Elphas alikuwa juu akipiga filimbi. Wachuka aliupokea ukurasa wake, akaukunja, akautia pamoja na taito ndani ya bahasha. Akauliza habari za mahafali. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Kiplangat alikuwa nje akipalilia sukuma.

"Wewe na karatasi zako," akasema. "Bado tuko, Mwalimu. Unaona? Bado tuko." Lakini aliipokea, akaitia mfukoni bila kuifungua, na kwa kuwa jua lilikuwa kali akamwambia aingie ndani Emmy ampe maji.

Emmy alimkaribisha kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na unga. Kumpatia kiti ilibidi kwanza asogeze vitu, kwa maana sebule ilikuwa imejaa. Vitanda viwili vya watoto, vile vya kupandana, vilisimama kwenye ukuta wa mbele, na godoro la tatu lilikuwa limeegemezwa nyuma ya kochi. Kupitia mlango wa ndani uliokuwa wazi, Jepleting aliona chumba cha nyuma, upande ule wa mstari, kilichokuwa cha kulala watoto. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi, mitungi ya maji, na baiskeli iliyokosa gurudumu.

Emmy aliona alichokuwa akikitazama.

"Ni yeye alihamisha," akasema kwa sauti ya chini, akitupa jicho kuelekea kwenye sukuma. "Siku ile ile mlichimba. Usimwulize."

"Simwulizi," Jepleting akasema.

Alikunywa maji, akashukuru, akatoka. Alikuwa amebakisha ploti ishirini na tatu, na jua lilikuwa bado juu.